Magurudumu ya Kunirudisha kutoka Chunya

Ringi ya nyuma ilipasuka Jumamosi asubuhi kwenye mteremko wa kuingia Ipogolo, na mtu wa kwanza niliyemfikiria alikuwa binti yangu, wala si fundi. Nilisimama pembeni ya barabara, gurudumu linasugua fremu, malori yananipita na vumbi lao, nikasema kwa sauti, "Haya, sasa atapata la kusema." Nilikuwa na hasira mpaka machozi yakanilenga.

Ngoja nieleze. Mwaka uliotangulia nilijiandikisha kwenye mbio za siku moja zinazoandaliwa na kikundi cha waendesha baiskeli kule Mbeya, ambako ndiko kwetu, ingawa kazi na ndoa vilinileta Iringa na ndoa ikaisha nikabaki na kazi. Mnaanzia juu kabisa mlimani, pale uwanda wa Usangu unapoonekana wote chini yenu. Mnateremka mpaka Chunya, mnageuza, mnaupanda mlima wote kurudi mlikotoka. Kuteremka kila mtu bingwa. Kurudi ndiko kwenye shughuli. Mimi pumzi ilikata hata nusu sijafika, nikapakiwa kwenye pikapu inayofuata nyuma kuokota walioshindwa, baiskeli ikarushwa kwenye bodi pamoja na makreti ya maji. Binti yangu alikuwa ananisubiri juu. Aliniona nikishuka kwenye gari.

Siku ile hakusema kitu. Alisema miezi kadhaa baadaye, matokeo yake ya kidato cha nne yalipotoka na hesabu ikawa imemwangusha, pamoja na masomo mengine mawili. Nikamwambia atarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Akasema hataki, imetosha. Nikaanza kuhubiri, si mnajua mama akishaanza: mtu haachi jambo katikati, mtu anaanguka anainuka, mtu anajikung'uta anaendelea. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, mbona wewe ulipanda gari?"

Loh! Mkono uliniwasha. Lakini mtoto amesema kweli, utampigia nini? Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Niliporudi sebuleni nilimwambia hivi: mwaka huu narudi kule. Nikiupanda ule mlima mpaka juu bila kukanyaga gari, usajili wa mtihani ukifunguliwa unajiandikisha. Nikipanda gari, neno mtihani hulisikii tena kinywani mwangu, ukafanye unalotaka. Akauliza:

"Bila gari kabisa?"

"Kabisa."

Tukapeana mikono. Sasa mnaelewa kwa nini pale Ipogolo nilitaka kulia juu ya kipande cha bati. Zilikuwa zimebaki wiki tisa.

Wenzangu wa kikundi wana desturi ya kuwa na jozi mbili za magurudumu. Moja nzito ya mazoezi, wanaitesa mwaka mzima, na moja nyepesi ya siku yenyewe, inalala kabatini imefunikwa shuka. Mimi nilikuwa na jozi moja tu, ile iliyokuja na baiskeli nilipoinunua mtumba. Ya nyuma ndiyo hiyo imepasuka. Ya mbele nilipoipapasa vizuri nikakuta breki zimeila ubavuni mpaka pamefanya bonde, kidole kinazama. Nayo ilikuwa inasubiri siku yake. Nilihitaji ringi mbili na tairi mbili, na hizo hizo ndizo zingenifanyia mazoezi na mbio.

Nikauliza kwenye kundi la simu. Jamani, nisingeuliza! Watu kumi na tano, majibu kumi na tano, na kumi na nne kati ya hayo yakasema kaboni. "Mama, chukua kaboni, utapanda kama unasukumwa." Nikapanda basi kwenda Mbeya, moja kwa moja Mwanjelwa, kwa bwana mmoja anayeuza vifaa vya baiskeli za mtumba. Mwanaume mnene, kofia ya sufi kichwani, mdomo haujui kupumzika. Hata sijamaliza kusalimia ameshanishushia jozi ya kaboni kutoka darini, nyeusi, ndefu ubavuni, zinang'aa. Nilizinyanyua kwa kidole kimoja. Sitadanganya, nilizitamani.

"Hizo ukifunga, dada yangu, mlima wa Chunya unaupanda huku unapiga mluzi."

Nilipitisha ukucha mahali breki inapokamata. Ukucha ukapanda, ukashuka. Nikarudia. "Hapa pametuna," nikasema.

"Aa, hiyo rangi tu hiyo."

"Kaka, mimi muuguzi, mwaka wa ishirini huu. Uvimbe naujua."

Alicheka mpaka kofia ikasogea. Lakini hakubisha tena, na hapo ndipo nilipomwamini kwa yaliyobaki. Nikamweleza: kutoka juu mpaka Chunya mtu unashika breki muda mrefu, ringi inapata moto, na kaboni iliyokwisha kuvimba sitaki kuijaribia roho yangu nikiwa na mtoto wa kusomesha. Tena, kwa mazoezi nataka uzito. Nataka miguu ijue kazi. Akaingia chini ya meza akatoka na ringi mbili za alumini, kuukuu, hazina hata stika, matundu thelathini na mawili ya spoku kila moja. Alizizungusha juu ya kioo cha meza, nami nikainama kuangalia kama zinacheza. Zilikaa zimenyooka. Mbaya kwa sura, nzito, imara. Nikasema hizo hizo.

Kwenye tairi tuligombana zaidi. Yeye alitaka nichukue pana, zile za milimita ishirini na nane, akisema barabara za kwetu hazitaki mchezo. Na mimi nilizitaka, lakini kabla ya kuondoka Iringa nilikuwa nimepima nafasi ya kwenye fremu kwa boksi la dawa lililokunjwa, nikalibeba kwenye pochi. Tukapitisha. Tairi pana ingesugua. Nyembamba kabisa, za ishirini na tatu, ningehisi kila kokoto kwenye uti wa mgongo. Zikabaki za ishirini na tano. Alinipa nne nichague mbili. Nilizibinya ubavuni moja moja nikitazama kama zina nyufa, maana tairi la mtumba likikaa juani linakauka, ukilitazama kwa mbele zima, ukilibinya linafunguka mistari. Mbili zilifunguka. Mbili zilikuwa laini, mpira wa katikati mnene, na hizo ndizo nilizorudi nazo. Nilimshukuru kwa kikwetu, ndaga, naye akanijibu kwa maneno mengi ambayo sehemu kubwa niliyaacha hapo sokoni.

Mlandege, jirani na ninapokaa, kuna fundi. Mzee wa Kihehe, ameshika spana tangu mimi sijazaliwa. Baiskeli zake ni zile za kazi: za wabeba mkaa, viazi, matenga ya nyanya. Gurudumu alilofunga yeye linabeba magunia mawili kutoka kijijini mpaka sokoni na halilalamiki. Ringi zangu alizitazama kwa huruma, akauliza kama atakayezipanda ni mtu au paka, lakini alizifunga. Alivuta spoku siku mbili, akizigonga na kusikiliza moja moja. Zilipokamilika zilizunguka katikati ya breki bila kugusa upande wowote. Nilimpenda kwa kazi ile. Ndani, juu ya matundu ya spoku, alizungusha ukanda aliokata kwenye tyubu kuukuu ya lori ili tyubu yangu isichomwe, kama anavyofanya kwa kila mtu. Niliuona ukanda ule kwa macho yangu, wala sikuuwazia lolote.

Pasuko la kwanza lilitokea baiskeli ikiwa imesimama. Nilikuwa nimeiegemeza kwenye ukuta wa zahanati ninapofanya kazi, juani. Ghafla, paa! Mgonjwa mmoja aliingia chini ya benchi, mama mwingine akamtaja Yesu mara tatu, na mimi nikatoka na sindano mkononi. Nikasema bahati mbaya. Nikafunga tyubu mpya.

La pili lilinikuta njiani kuelekea Ilula. Nilipekua tairi lote nikitafuta mwiba wa mbigili, maana huku mbigili ndio adui wa kila mwenye baiskeli. Hapakuwa na mwiba. La tatu lilitokea pale pale Ipogolo, nikiteremka, nyuma kukalegea ghafla, baiskeli ikacheza kulia, kushoto, nikajikuta mtaroni na goti linavuja damu. Dereva wa bajaji aliyenisaidia kunyanyuka alisema, "Mama, umri huu si wa kucheza na baiskeli." Nilimwambia maneno ambayo siku hizi nikikutana naye naona haya.

Hasira zile nilimpelekea yule bwana wa Mwanjelwa. Nilimpigia nikiwa bado nimekaa kwenye mtaro. Nikamwita tapeli, nikamwambia tairi zake zimeoza, nikamwambia mama yake angemwonea aibu. Alijaribu kusema, "Dada, hebu tulia uangalie..." nikamkatia simu. Binti yangu alinipaka dawa gotini jioni ile bila kuuliza swali. Zilibaki wiki sita. Kukaa kwake kimya kuliniuma kuliko goti.

Siku ya pili yake ndipo nilipotulia. Nilichukua tyubu zote tatu nikazilaza mezani. Mtu akiletwa na kidonda, swali langu la kwanza huwa kipo upande gani, kitu kilitoka wapi. Mwiba huingia kutoka nje, kutoka barabarani. Hizi zote zilikuwa zimechanika upande wa ndani, upande unaolalia ringi! Nikazirudisha kwenye gurudumu. Kila mchaniko ulikaa sawasawa juu ya tundu la spoku. Nikauvuta ule ukanda wa tyubu ya lori nikaubonyeza kwa kidole gumba, ukazama kwenye tundu kama unga wa chapati. Basi ndicho hicho. Baiskeli ya mkaa haijazwi upepo mwingi, na matundu ya ringi zake ni madogo, mpira unavumilia. Yangu inajazwa upepo mpaka tairi inakuwa ngumu kama ukuni, na upepo ule ulikuwa unaisukuma tyubu, pamoja na mpira wake, ndani ya tundu mpaka inapasuka.

Niliondoka nyumbani na ukanda ule mkononi, mbio mbio, maneno yote yamekwisha kujipanga. Nilitaka kuutupa mezani kwa yule mzee. Nilitaka aone goti.

Nilipofika alikuwa na wateja wawili, wabeba mkaa, watu wazima wenye vifua vipana, wamekaa kwenye magogo wanasubiri baiskeli zao. "Kamwene, mama," akanisalimu, akanisogezea kigoda akakipangusa kwanza kwa kiganja. Nikakaa. Nikaitikia kamwene, nikaulizwa habari za kazi, za binti, za mvua, nikajibu zote. Nimeishi na Wahehe miaka ya kutosha. Mzee hapelekewi kosa lake mbele ya wateja wake. Utamvunjia heshima, na yeye hatakujibu hata neno, na siku hiyo hiyo mtaa mzima utajua huna malezi. Maneno niliyoyapanga nikayaacha. Nikasema, "Baba, naomba unifundishe kutafuta pancha. Mimi nimeshindwa."

Nikampa tyubu na gurudumu. Akajaza upepo, akazungusha tyubu karibu na shavu lake mpaka upepo ukampuliza. Akaweka kidole. Akaigeuza. Akailaza kwenye ringi, akasogeza, kidole chake kikatua kwenye tundu la spoku. Akanyoosha mkono nimpe ukanda, maana alishaona ninao, akaubonyeza kama nilivyoubonyeza mimi. Wale wabeba mkaa walikuwa wamesogea kutazama.

"Mpira wangu huu," akasema. Halafu akawageukia wale wanaume, mwenyewe, hakuna aliyemwambia. "Huyu mama nimemkosea. Ningemuua."

Nilijisikia mdogo. Hasira yote ilinitoka nikabaki na aibu, maana aliyenizidi ustaarabu alikuwa yeye. Tukaanza kufikiri pamoja kitu gani kigumu kisichotanuka kitaziba matundu. Alitaja kamba ya gunia, akataja turubai. Mimi nikakumbuka plasta ya kitambaa, ile ya kubandika bandeji, haivutiki hata uitundikie ndoo. Nilivuka barabara nikanunua roli mbili duka la dawa. Alizungusha mizunguko miwili kila ringi, akiikandamiza kwa ncha ya kijiko, akafunga tairi, akajaza upepo, akaweka gurudumu juani kwa makusudi. Tulikaa tukilitazama. Lilikaa kimya. Jioni bado lilikuwa kimya.

Yule bwana wa Mwanjelwa nilimpigia kuomba radhi. Nilijiandaa kutukanwa. Akasema, "Dada, ulivyokata simu nilijua utapiga tena. Tairi zinaendaje?" Nikamwambia ni nzuri. Akasema anajua.

Zikabaki wiki tano na nusu, nikazitumia zote. Siku ambazo sina zamu nilipanda basi la alfajiri na baiskeli yangu mpaka Ruaha Mbuyuni, nikanunua maji kwa wauza vitunguu, nikaupanda mlima wa Kitonga na zile ringi nzito, malori yananguruma mgongoni, mapaja yanawaka. Nilisimama mara nyingi. Mara moja nilitapika. Lakini tairi hazikupasuka tena, na kila wiki nilisimama mara chache kuliko wiki iliyopita. Nikirudi nyumbani binti yangu alikuwa ananitazama miguu, kisha anaenda kunipashia chakula.

Siku yenyewe niliteremka na wenzangu mpaka Chunya, breki zinatoa harufu ya moto. Vumbi la pale lilinijaa meno. Nikageuza. Kupanda nilianza vizuri, taratibu, nikawaacha wanipite wanaotaka kunipita. Nilipita mahali nilipopakiwa mwaka jana, nikapatemea mate. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Halafu, mbele kidogo, tairi la mbele likaanza kulainika. Safari hii kweli ilikuwa mbigili, umezama mpaka kichwani.

Nilikaa chini nikaanza kufungua. Tairi halitaki kutoka. Pikapu ikafika, ikasimama, dereva akafungua mlango kabla hata hajasalimia.

"Mama, panda. Wewe ndiye wa mwisho. Muda umekwisha, hata ukifika huhesabiwi."

"Mimi sihesabiwi na ninyi," nikasema. "Nenda."

"Mama, juu kuna ukungu."

"Nimezaliwa kwenye ukungu. Nenda, baba, nakuomba."

Akanitazama nikipachika tyubu, akatikisa kichwa, akaondoka. Nilisikia injini ikipungua kona kwa kona mpaka ikanyamaza. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Hata kama ningetaka gari, gari halikuwepo. Nikajaza upepo kwa pampu ya mkono, nikapanda baiskeli, nikaendelea. Kuna vipande nilisukuma kwa miguu, sitaficha, huku nimeinamia usukani, nikihesabu hatua mia, napumzika, mia nyingine. Misuli ya mapaja ilikuwa inaruka yenyewe. Nililia kidogo, halafu nikaona kulia kunanimalizia pumzi, nikaacha.

Juu kulikuwa na ukungu kweli. Mstari wa chaki waliouchora barabarani ulikuwa umeshafutwa na matairi ya magari. Hema limekunjwa, meza zimeondoka, watu hakuna. Binti yangu alikuwa amekaa peke yake kwenye ukingo wa barabara, amejikunyata, sweta lake ameliweka mapajani badala ya kulivaa. Aliponiona alisimama. Nikauvuka mstari uliokuwa umefutika, nikashuka, nikakaa chini kwenye lami.

Akanivalisha lile sweta kama mtoto mdogo. Mikono yake ilikuwa ya baridi sana.

"Watu wote wako wapi?" nikauliza. "Kwa nini hukushuka nao mjini?"

"Yule dereva aliniambia nipande, tukakusubiri stendi. Akasema wewe huwezi kufika." Alikuwa ananifunga vifungo, hanitazami. "Nimekataa gari."

Akamaliza kifungo cha mwisho.

"Hesabu bado naichukia, mama."

"Na mimi mlima huu nauchukia. Nauchukia kabisa."

Alicheka, halafu akafuta pua kwa mkono. Akainyanyua baiskeli pale ilipoanguka, akaishika usukani kwa upande wake, mimi nikaishika kwa upande wangu, tukaanza kuteremka kwa miguu kuelekea mjini.

"Usajili unafunguliwa lini?" akauliza.